Majani si takataka, hata mama yangu Muheza kakubali nusu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mi ni msomaji wenu wa kwenye simu, nipo Uingereza huku Yorkshire mwaka wa 11 sasa, asubuhi nikiwa kwenye basi la kwenda kazini nafungua gazeti lenu kabla hata sijajibu meseji za watu, kwahiyo naomba nafasi kidogo maana kuna barua mlichapisha ikanikera, halafu ikanichekesha, halafu jioni ikanikera tena. Msomaji mmoja alisema watoto wa siku hizi hawaujui ufagio, na sisi tulio nje ndo akatuchapa kabisa, eti watoto wetu wanalelewa kama mayai, uwanja hawafagii, jikoni hawaingii, kitafunwa chao cha kwenye paketi. Akamalizia kwa kukumbuka enzi zake, alfajiri anafagia uwanja mzima, anakusanya majani, anayachoma, ndo anaenda shule.

Sasa hapo kwenye kuyachoma ndo nataka tuongee mimi na yeye. Ila nianze na ufagio maana kanigusa.

Ufagio ninao. Tena wa chelewa, kanifungia mama mwenyewe nilipokwenda nyumbani, nikauviringisha kwenye khanga nikauweka kwenye begi kimshazari maana vingine haukuingia, na pale uwanja wa ndege kijana wa forodha akauchomoa akaugeuza juu chini akaniuliza hiki nini, nikamwambia mashine ya kufagilia, akacheka akanirudishia. Upo mpaka leo, umebaki nusu urefu. Kwahiyo ufagio sio tatizo. Tatizo letu mwanzoni lilikuwa kufagia sana.

Tulipopata nyumba yenye uwanja kwa nyuma, nyasi kidogo, mwepo mmoja (mti wa maepo, yale matunda ya apple), na mti mkubwa wa jirani ambao shina liko kwake ila majani yote yanaanguka kwetu (si unajua miti ya majirani ilivyo), Oktoba ilipoingia mi nikafanya kama nilivyofunzwa kwetu Muheza, Tanga. Kila asubuhi nafagia. Jioni uwanja umefunikwa tena kama sijagusa. Nafagia tena. Nyasi zenyewe zikaanza kung'oka, chelewa haijatengenezwa kwa nyasi, ni ya udongo mgumu wa nyumbani ule unaofagiwa mpaka unang'aa na kubaki na mistari. Siku ya nne bibi wa jirani, ana miaka 80 na kitu, akaja kwenye uzio na kikombe chake cha chai akaniuliza, mpenzi, unapigana na nani? Niseme tu kwamba huku Yorkshire kila mtu anakuita mpenzi, dereva wa basi, muuza samaki, nesi, mzee wangu, mume wangu, miezi ya mwanzo alikuwa ananuna.

Nikamwambia nasafisha uwanja. Akasema yaliyo juu ya nyasi ondoa, sawa, yakikaa pale yakilowa nyasi zitaoza. Ya kwenye njia pia ondoa, utateleza uvunjike nyonga kama mimi. Lakini yaliyo chini ya vichaka yaache hapo hapo, umeona mtu anafagia msituni? Na hayo unayoyakusanya unayapeleka wapi? Nikamwonyesha lile pipa la kahawia la takataka za bustani, ambalo kwetu huku unalilipia kila mwaka ndo lichukuliwe. Bibi akaniangalia tu. Yaani nalipa hela ili watu waje wanichukulie mali yangu, halafu mwezi wa 4 naenda dukani nanunua udongo mweusi kwenye mfuko wa plastiki nabeba mgongoni. Hakusema hivyo, ila kikombe kilisema.

Alichonifundisha ni hiki, na ni kitu cha dakika 10. Chukua mfuko mweusi wa takataka, jaza majani yaliyolowa, kama makavu yamwagie maji, toboa matundu na uma, funga mdomo usibane sana, sukumia nyuma ya banda usahau. Mwaka 1 mpaka 2. Kinachofanya kazi humo ndani ni kuvu, sio joto kama kwenye rundo la samadi na maganda, ndo maana inakwenda polepole. Majani ya mwepo yanaoza upesi, yale magumu na manene yanakawia. Mfuko wetu wa kwanza niliufungua baada ya vipupwe viwili (naita vipupwe lakini Mungu anajua kipupwe cha Tanga na cha huku havijuani hata kwa salamu), nikaingiza mkono, nikatoa kitu cheusi, laini, kinabonyea kama keki, na harufu Mhariri, harufu ya chini ya migomba ya mama siku mvua ya kwanza imepiga. Nilisimama pale nyuma ya banda na ule mkono kama mjinga. Mboji hiyo. Sio kali kama mavi ya kuku, yenyewe kazi yake kushika maji na kulainisha udongo, ndo naweka kwenye vitunguu saumu ninavyopanda Oktoba hiyo hiyo na kwenye kitalu cha mchicha mambo yakianza kupata joto.

Kwahiyo jumamosi za Oktoba kwetu ziko hivi. Mzee wangu anatoka shifti ya usiku, analala, haruhusiwi kuamshwa mpaka saa 7 mchana. Mkubwa ana miaka 13 ana simu, wa kati 9 ana maswali, kitinda mimba 6 ana viatu vya mvua vya chura. Mkubwa anashika reki, wa kati anasukuma toroli, mdogo kazi yake rasmi ni kukanyaga mifuko ishindiliwe, kazi yake isiyo rasmi ni kurukia rundo likishakusanywa vizuri, mkubwa anapiga kelele, tunakusanya upya. Tunakata mabua ya maua yaliyokauka, tunang'oa majani ya maboga ambayo baridi ya kwanza ikipiga usiku mmoja tu asubuhi yanakuwa meusi kama yamepikwa, mwaka jana nilichelewa siku 1 nikakosa mboga ya wiki nzima. Tunaokota maepo yaliyoanguka kabla nyigu hawajamaliza.

Wa kati aliniuliza mama hii msimu kwa Kiswahili inaitwaje. Nikasema vuli. Halafu nikajishtukia. Vitabuni wanaandika hivyo, lakini vuli ninayoijua mimi ni mvua za Oktoba mpaka Disemba, ndo miti inapata nguvu, mahindi yanapandwa, kila kitu kinakuwa kijani. Huku vuli ndo kila kitu kinavuliwa nguo. Neno moja, mambo mawili yanayopeana mgongo. Mtoto akasema basi mama nyinyi mmekosea, nikamwambia we usiniletee, vuli ilikuwa kwetu kwanza. Yeye naye akanilipa kwa kunifundisha alichosoma shule, kwamba ule unjano wa majani haukuja mwezi wa 10, ulikuwemo humo siku zote, ila kijani ndo kilikuwa kinauficha, mti ukianza kurudisha chakula chake ndani kabla ya baridi kijani kinaondoka unjano unabaki umeshikwa na mwanga. Miaka 40 yangu sikuwa najua hilo, nikajifanya najua.

Sasa yule msomaji wenu atauliza, watoto wa Ulaya unawatoaje nje kwenye baridi hiyo? Kaka yangu, kwa sukari. Hamna siri nyingine. Jikoni kuna kashata na wanajua.

Nazi mbichi huku zipo ila nusu zimeshaoza ndani na hakuna wa kumlalamikia, mi nanunua ile kavu ya kwenye mfuko. Mwaka wa kwanza niliitia hivyo hivyo kavu kwenye sukari, zikatoka kashata kama mchanga wa pwani, mzee akala moja kwa adabu. Siku hizi nazi vikombe 3 nailoweka kwanza na maji ya moto kidogo, nusu saa, inarudi uhai. Sukari vikombe 2 na maji nusu kikombe jikoni, moto wa kati, unaacha mpaka shira ukiigusa kati ya vidole inavuta uzi, hapo unatia nazi na iliki na kitone cha rangi nyekundu, halafu mwiko usisimame. Usijibu simu. Kuna wakati inaanza kuachana na sufuria, inakufuata mwiko, hapo hapo mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, bonyeza na kitako cha bakuli, kata upesi kimshazari ikiwa bado inafuka moshi maana jikoni kwa huku baridi inaigandisha kabla hujageuka. Kisu kikichelewa unabaki na jiwe, utavunja na mtwangio. Watoto wanajua sauti ya kisu kikigusa sinia. Mkubwa na simu yake na miaka yake 13, nikigusa sinia yuko mlangoni na reki mkononi, matope mpaka magotini, anauliza kona ni ya nani. Kona za kashata zina vita kwetu, ndo ngumu na ndo tamu.

Za karanga pia tunafanya ila hizo haziendi shule. Mdogo alificha mbili kwenye begi, akarudi na karatasi ya mwalimu, kumbe karanga haziruhusiwi hata kuingia getini kwa ajili ya watoto ambao zinaweza kuwadhuru. Nilihema. Kwetu karanga ndo kitu cha kwanza unachompa mtoto wa mtu akija nyumbani. Siku hizi shule wanapelekewa visheti.

Na maepo. Mi tufaa kwangu ni lile la pwani, jekundu, lina maji, hili la huku naliita epo, msinisahihishe. Mwepo wetu ni wa aina ya Bramley, maepo makubwa ya kijani, hayaliwi hivi hivi, makali yanakunja uso. Wao wanayapika kwa sukari juu wanamwagia unga uliofikichwa na siagi wanaoka. Bibi aliniambia habari yake, aliyepanda mbegu ya mti wa kwanza alikuwa msichana mdogo, Mary Ann Brailsford, mwaka 1809 huko Southwell, Nottinghamshire, halafu miaka ikapita nyumba ikanunuliwa na muuza nyama anaitwa Bramley, ndo jina likawa la muuza nyama. Binti kapanda, jina kachukua mwenye nyumba. Nikamwambia bibi hiyo hata kwetu ipo. Mimi nilipoonja ule ukali nilisema hili ni embe bichi limevaa koti, nikalikata vipande nikatia chumvi na pilipili ya unga, watoto wakamaliza bakuli wamesimama. Sasa hivi nafanya na achari, bibi anakuja na kopo lake tupu kila mwezi wa 11 halafu anajifanya kaja kusalimia.

Yeye akanilipa na keki inaitwa parkin. Keki ya huku huku kaskazini, oti za kusaga (ile nafaka ya uji), tangawizi nyingi kwelikweli, na asali nyeusi ya miwa nzito kama lami, ndugu yake na ile molasi tunayowapa ng'ombe, siku ya kwanza niliponusa mkebe nilirudi zizini kwa babu. Ubaya wake, au uzuri sijui, ukiitoa kwenye oveni hailiwi. Ni kavu. Unaifunga kwenye karatasi unaifungia kwenye debe siku 3, 4, hata wiki, yenyewe humo ndani inalainika inaanza kunata, ndo inaliwa tarehe 5 Novemba. Nani kasema watoto hawana subira? Mimi sijasema. Wangu siku ya pili debe likifunguliwa unakuta kona imeliwa na inasingiziwa panya.

Hiyo tarehe 5 ni usiku wa moto, wanakumbuka njama ya 1605 ya kutaka kulipua bunge na baruti, na yule aliyekamatwa nazo, Guy Fawkes, alikuwa mtu wa York, wa hapa hapa. Watu wanawasha mioto mikubwa, fataki mpaka usiku wa manane. Kwahiyo sio kwamba Wazungu hawachomi, wanachoma. Lakini bibi ana sheria moja, rundo la kuni na majani lipangwe siku hiyo hiyo, na kama lilikuwepo toka jana lihamishwe kwanza, kwasababu kalunguyeye, vile vinyama vidogo vya miba, wanakuwa wameshaingia humo kulala. Analala kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, anajiviringisha kwenye majani makavu, hali, hatembei. Ndo maana kona moja ya uwanja wetu haiguswi kabisa, rundo la majani na vijiti, limekaa vibaya, mgeni akija naona aibu naanza kueleza. Watoto wanaenda na tochi kuangalia kwa mbali. Tulimwona mara moja, mwezi wa 9, anapita kwenye uzio anahema kama mzee aliyepanda ngazi, mdogo akaninong'oneza mama ana miba kama durian, sijui hilo tunda la durian kalijulia wapi.

Nisisahau komwe. Kuna mti hapa barabarani unadondosha mbegu kubwa za kahawia zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, za kuchezea, haziliwi zina sumu. Watoto wa huku wanazitoboa wanatia kamba wanagonganisha. Mi nikaona komwe kabisa hizi. Tukachimba mashimo 32 kwenye udongo pale tulipong'oa viazi, tukahesabu kete 64, nikawafundisha bao. Mkubwa sasa ananifunga. Saa zikirudishwa nyuma ile jumapili ya mwisho ya Oktoba giza linaingia saa 10 na nusu jioni, tunamalizia mchezo kwa taa ya simu, simu yake hiyo hiyo, ndo kazi pekee ninayoipendea.

Na saa zikirudishwa, na mama tunaachana. Toka Machi tunapishana masaa 2, yakirudishwa yanakuwa 3, kila mwaka jumatatu yake nampigia nakuta keshapanda kitandani, ananiambia mwanangu mmebadilisha tena?

Huyo mama ndo sababu ya barua hii. Ana miembe 3 na michungwa, uwanja wake unafagiwa toka mimi sijazaliwa, na majani yanachomwa kila asubuhi pale pembeni ya choo cha zamani. Moshi unakaa chini chini, unaingia ndani, na kifua chake mnakijua, hamkijui lakini mngekijua. Mwaka juzi nikiwa namwonyesha kwenye video ule mfuko wa mboji nikamwambia mama hayo unayochoma ndo haya. Akasema hayo ni ya Wazungu, huku yanaleta nyoka na mchwa. Na hapo Mhariri siwezi kumbishia, ana haki, rundo ukiliweka ukutani mwa nyumba ya udongo unawaalika mchwa kwa kadi. Kwahiyo tukakubaliana nusu. Ya uwanjani anafagia kama kawaida, hilo sitaliweza, mama asipofagia anaumwa. Ila badala ya kiberiti anambebesha mjukuu aliye naye yapelekwe kwenye michungwa, mbali na nyumba, yanatandazwa chini kuzunguka mti, yasigusane na shina, yaachie kama hatua moja ndogo, maana yakilundikwa kwenye shina yanaozesha gome. Ndo matandazo yale yale bwana shamba alikuwa anayasema tukiwa wadogo tukawa tunamcheka. Jua la Januari linapiga udongo unabaki na ubichi chini. Majani ya mwembe magumu yanakawia kuoza, sawa, lakini yakikawia si ndo yanakaa muda mrefu yanafunika.

Kwahiyo yule kaka aliyeandika, mtoto afagie, hapo tuko pamoja, na nitamtumia hata picha ya wangu wakiwa na matope. Kiberiti tu ndo akiweke mfukoni.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama nikamuuliza matandazo vipi. Akasema mazuri, funza na nyungunyungu wamejaa chini yake. Nikafurahi. Akasema na kuku wamewagundua. Kila siku yakishatandazwa kuku wanakuja wanapekua yote, wanayatawanya mpaka mlangoni, na yeye kesho yake alfajiri anaanza kufagia upya yale yale.

Mama wa watatu,
Yorkshire, Uingereza